Neno 'presha' linavyowapotosha wagonjwa

Kuna maneno ambayo hutufanya tudhani tunaelewana ilhali kila mmoja ana lake moyoni. Mojawapo, mpenzi msomaji, ni hili tunalolitamka kila siku hapa mjini: presha. Kondakta hulalamika kwamba mwenye matatu anampa presha alete hesabu kamili jioni. Mama hununua sufuria ya presha ili maharagwe yaive upesi. Dereva akifika kwenye kituo cha petroli humwomba kijana amwangalizie presha ya magurudumu. Mbunge naye hutangaza kwamba serikali imekubali matakwa ya wakulima kwa sababu ya presha au, kama wanavyopenda kusema watangazaji, kwa sababu ya shinikizo. Kisha mmoja wa watu hao huingia chumbani kwa daktari, akafungwa mkanda mkononi, mkanda ukapulizwa, na akaambiwa: "Una presha."

Je, kati ya maana hizo zote, ni ipi anayokwenda nayo nyumbani?

Katika kazi yangu ya kutibu watu nimeona kwamba wengi huondoka na ile ya kondakta. Huamini kuwa presha ni mashaka, hasira, au mawazo mengi. Na maadamu wanaamini hivyo, hutumia dawa zake jinsi mtu anavyotumia dawa ya kuumwa na kichwa: akijihisi amesongwa na mambo anameza, akitulia anaziweka kabatini. Huu ni mkanganyiko wa lugha, lakini si wa kuchekesha. Aghalabu mwisho wake ni kiharusi, au figo zilizokufa, au moyo uliochoka usiweze tena kusukuma damu. Ndiyo maana juma hili nataka tulichambue neno lenyewe kabla ya kuzungumzia vidonge.

Shinikizo la wanasiasa

Tuanze na siasa, kwa kuwa hiyo ndiyo maana inayosikika zaidi redioni. Shinikizo, kwa maana yake ya zamani, ni chombo cha kukamulia mafuta ya ufuta au maji ya miwa. Kitu hubanwa hadi kitoe kile kilichomo. Kutoka hapo hadi kwenye siasa ni hatua fupi tu. Wale waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya tisini watakumbuka maandamano ya Saba Saba ya Julai 7, 1990, kisha kuundwa kwa FORD mwaka wa 1991 kama kikundi cha shinikizo, kisha wafadhili waliokutana Paris Novemba mwaka huo huo wakasimamisha misaada mipya kwa Kenya. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba kikafutwa na mfumo wa vyama vingi ukarudi.

Hebu tazama tabia ya shinikizo la namna hiyo. Linatoka nje, kwa watu wanaojulikana. Anayeshinikizwa analihisi, tena sana. Na akishakubali kutoa kinachotakiwa, linapungua au kuisha kabisa. Presha ya kondakta ni ya ukoo huo huo: akilipa hesabu, analala.

Sasa ukimchukua mtu aliyezoea maana hiyo ukamwambia kuwa ana "shinikizo la damu", atafanya nini? Atatafuta anayemshinikiza. Atamtaja mkubwa wake kazini, au mwanawe aliyeacha shule, au mwenye nyumba. Wagonjwa wangu wengi hunipa jibu hilo hata kabla sijauliza. "Daktari, ni huyu kijana wangu wa pili." Na huenda kijana huyo kweli ni msumbufu, lakini hata akitengenea kesho, presha ya damu ya mzazi wake itabaki pale pale.

Wanasayansi wana yao

Katika sayansi neno hili lina maana nyembamba sana, na kwa Kiswahili wataalamu wa istilahi walilitafutia jina zuri: kanieneo. Ni kani ikigawanywa kwa eneo inapoangukia. Mwanamke aliyevaa viatu vya kisigino chembamba huzama matopeni, lakini akivaa champali hazami, ingawa uzito wake haujabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni eneo linalobeba uzito huo. Hakuna hasira hapo wala mashaka.

Hewa nayo ina kanieneo yake, ile ambayo watabiri wa hali ya anga huiita mgandamizo wa hewa. Ufuoni mwa bahari hewa hukandamiza kila sentimita moja ya mraba ya mwili wako kwa uzito wa takriban kilo moja. Mtaliano Evangelista Torricelli alionyesha mwaka wa 1643 kwamba hewa hiyo inaweza kushikilia zebaki ndani ya bomba la kioo hadi kimo cha milimita 760 hivi. Nairobi, ambako tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, maji huchemka yakiwa na joto la takriban nyuzi 94 badala ya 100, na ndiyo sababu githeri hukaa jikoni muda mrefu na sufuria ya presha ikapata wateja.

Lakini je, umewahi kuihisi hewa ikikukandamiza? Hujawahi. Umeketi ukisoma gazeti na hewa inakubana kila upande kwa uzito wa kutisha, nawe huna habari. Gurudumu pia halijui kama limejazwa kupita kiasi. Hujulikana kwa kipimo, au kwa mlipuko.

Ninalotaka ulishike, msomaji, ni kwamba presha ya daktari ni ndugu wa kanieneo. Kwa ile ya wanasiasa imeazima jina tu.

Damu ndani ya bomba

Aliyeipima kwanza hakuwa daktari. Alikuwa kasisi wa Kiingereza aitwaye Stephen Hales, aliyependa majaribio. Alimlaza farasi jike, akaingiza bomba ndani ya ateri yake, na damu ikapanda katika kioo zaidi ya futi 8, yaani kama mita 2 na nusu. Alichapisha habari hizo mwaka wa 1733. Bila shaka hakuna mgonjwa ambaye angekubali kupimwa hivyo. Ilibidi kungoja hadi mwaka wa 1896 daktari Mtaliano Scipione Riva-Rocci alipobuni mkanda wa kufunga mkononi na kuujaza hewa, na mwaka wa 1905 daktari wa jeshi la Urusi, Nikolai Korotkov, akagundua kwamba ukisikiliza mshipa chini ya mkanda huo kwa chombo cha masikioni utasikia sauti zinazoanza na kutoweka. Sauti inapoanza ndiyo namba ya juu, inapotoweka ndiyo ya chini.

Namba ya juu ni msukumo wa damu kwenye kuta za ateri wakati moyo unapojikunja. Namba ya chini ni msukumo unaobaki moyo unapolegea ili ujae tena. Huandikwa kwa milimita za zebaki, kipimo kile kile cha Torricelli, hata ingawa mashine zenyewe za zebaki zinaondolewa kwa sababu ya sumu yake, hasa baada ya Mkataba wa Minamata wa 2013. Ukiambiwa 120 kwa 80, maana yake ni kwamba moyo wako unaweza kuinua zebaki milimita 120. Kwa kuwa zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6, hiyo ni sawa na kuinua maji hadi kimo cha mita 1.6, urefu wa mtu. Moyo hufanya hivyo takriban mara 100,000 kwa siku.

Msomaji anaweza kuuliza kama mtu akihamia Nairobi kutoka Pwani namba zake hubadilika kwa sababu ya wepesi wa hewa. La. Mashine hupima ile nguvu ya damu inayozidi hewa iliyotuzunguka, popote ulipo.

Mtu mzima akipatikana na 140 kwa 90 au zaidi, katika siku mbili tofauti, ana ugonjwa wa presha. Inatosha namba moja kati ya hizo kuzidi. Kuta za ateri zinazopigwa kwa nguvu hiyo mchana na usiku hukakamaa na kuwa nene kwa ndani, nazo zile nyembamba za ubongo, macho na figo huumia kwanza. Na haya yote hutendeka kimyakimya. Kuumwa na kichwa si dalili ya kutegemea. Watu wengi wenye 170 hawaumwi na popote, na wengi wanaoumwa na kichwa wana 118. Katika uchunguzi wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya mwaka wa 2015, karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walisema hawajawahi kupimwa maishani.

Namkumbuka mwalimu mmoja aliyekuwa akitumia dawa kwa uaminifu miaka mingi. Alipostaafu alirudi shambani, akaacha kuja kliniki. Mkewe alipomuuliza, alijibu kwamba presha yake ilikuwa ya kazi, na kazi imekwisha. Kwa maana ya kondakta alikuwa sahihi kabisa: alilala vizuri, alinenepa, alicheka na wajukuu. Mwaka wa pili aliamka asubuhi moja mkono na mguu wa kulia haviinuki, na maneno hayatoki. Alipofikishwa hospitalini namba ya juu ilikuwa zaidi ya 200.

Rais aliyekuwa na presha za kila aina

Kama kuna mtu aliyebeba maana zote za neno hili kwa pamoja, ni Franklin Roosevelt, rais wa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Shinikizo la kisiasa alilokuwa nalo halihitaji maelezo. Lakini namba zake zilianza kupanda kabla ya vita. Mwaka wa 1935 alikuwa na 136 kwa 78. Mwaka wa 1937 zilikuwa 162 kwa 98, na mwaka wa 1941 zikafika 188 kwa 105. Wananchi waliambiwa kuwa rais wao ana afya njema. Machi 1944 daktari wa moyo Howard Bruenn alimpima akapata 186 kwa 108, na moyo tayari ulikuwa unashindwa na kazi. Wakati huo hapakuwa na dawa za kuteremsha presha kama tulizo nazo leo. Alipunguziwa chumvi, akapewa dawa ya moyo, akaambiwa apumzike.

Aprili 12, 1945 alikuwa amepumzika kweli, mbali na Washington, mjini Warm Springs, ameketi akichorwa picha. Ujerumani ilikuwa karibu kusalimu amri. Akalalamika kwamba kichwa kinamuuma vibaya kwa nyuma, akazirai. Bruenn alipompima alikuta 300 kwa 190. Mshipa wa ubongo ulikuwa umepasuka, na alikufa alasiri hiyo akiwa na umri wa miaka 63. Shinikizo la vita lilikuwa linapungua kila siku, lakini lile la damu halikuwa na habari na hilo.

Je, mawazo hayahusiki kabisa?

Yanahusika, na nisingependa msomaji aseme daktari amekana. Ukikasirika, ukiogopa, ukikimbilia basi, presha hupanda, kisha hushuka baada ya dakika chache. Wengine hupandisha kwa kumwona tu daktari. Mtu mwenye dhiki ya muda mrefu pia hulala vibaya, hunywa pombe zaidi, hula ovyo, na kwa njia hizo namba zake hudhurika. Lakini mtulivu asiyegombana na mtu hapati kinga kwa utulivu wake.

Kuna utafiti mmoja uliofanywa papa hapa kwetu ambao ningetamani kila mkazi wa Nairobi aujue. Uliandikwa katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, mwaka wa 1990. Wachunguzi waliwafuata vijana Waluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya kuja Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Presha ya waliohama ilikuwa imeanza kupanda katika miezi ya kwanza tu. Wepesi wetu ungekuwa kusema ni presha ya maisha ya mjini, kodi na kutafuta kazi, na wachunguzi hawakukana kwamba akili ingeweza kuchangia. Lakini mikojo yao ilionyesha jambo ambalo mtu hawezi kulihisi: mjini walikula chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo, ile inayopatikana katika mboga, ndizi na matunda. Uzito wao pia uliongezeka.

Kwa hiyo nikisikia jamaa wakinong'onezana, "Mama asiambiwe habari za msiba, ana presha," huwa natazama meza yao. Mara nyingi mama huyo aliyefichwa kifo cha binamu yake ana sahani ya chipsi zilizonyunyiziwa chumvi hadi zikawa nyeupe, mchuzi uliotiwa vipande viwili vya viungo vya kiwandani, na maharagwe yaliyopikwa kwa magadi, ambayo nayo ni sodiamu kama chumvi. Nyama choma huja na kilima cha chumvi pembeni ya ubao. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo tayari katika mkate na vyakula vya pakiti.

Kupima na kumeza

Tangu mwaka wa 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya kupimia presha, kwa hiyo huenda kipimo kikakufikia mlangoni. Maduka mengi ya dawa pia hupima. Keti dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Nenda haja ndogo. Usiongee wakati mashine inafanya kazi, hata kama mpimaji anakusalimia. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa za uongo. Andika namba zote mbili. Akikuambia tu "iko sawa" au "iko juu kidogo", mwombe namba.

Watu huniuliza sana kuhusu "presha ya kushuka". Mtu aliyezoea 95 kwa 60 na ana nguvu zake si mgonjwa. Inatisha inaposhuka ghafla kwa sababu ya kutokwa na damu, kuhara sana au maambukizi makali, na hapo mahali pake ni hospitali, si soda na chumvi. Mjamzito naye asingoje: 140 kwa 90 kwake ni jambo la siku hiyo hiyo, hasa akiwa na maumivu ya kichwa au macho yanaona ukungu, kwa kuwa kifafa cha mimba huua mama na mtoto. Tena baadhi ya dawa za kawaida za presha, kama losatani na enalapili, hazimfai.

Dawa humezwa kila siku, uwe umekasirika au umefurahi. Namba zikiwa nzuri ni kwa sababu dawa inafanya kazi, jinsi nguo zinavyokauka kwa kuwa umefunika kamba mvua isinyeshe juu yake. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, enalapili huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu. Ukipata hayo, rudi ubadilishiwe badala ya kuacha mwenyewe. Uso ukienda upande, mkono ukilegea au ulimi ukishindwa kutamka, kimbia hospitalini saa hiyo hiyo. Usimeze vidonge viwili ukasubiri.

Na siku ya kuja kliniki, meza dawa zako za asubuhi kama kawaida. Wengi huja bila kumeza ili daktari "aone presha yenyewe ilivyo", nasi tukiona 165 tunashindwa kujua kama dawa haitoshi au haikumezwa, na unaweza kuongezewa kidonge usichokihitaji. Beba pakiti zenyewe, hata zile zilizoisha, pamoja na ile karatasi ya namba zako.